Hatamu ya Lama wa Mbele

Kolpani, 10 Machi 1968

Kaka Evaristo,

Pokea salamu za lama thelathini na wawili, wote wazima isipokuwa yule mwenye sikio lililochanika, ambaye anachechemea makusudi ili asibebeshwe mzigo. Mimi pia ni mzima. Wewe huko chini ya ardhi sijui, maana barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari miwili, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa jina lako.

Nakuandikia kwa jambo moja. Mwezi wa sita nitashuka bondeni na chumvi. Usidhani nimekosea kuandika. Ni mimi, lama wetu na chumvi yetu, mpaka kwa mama Casimira, kubadilisha kwa mahindi kama baba alivyofanya kila mwaka hadi alipotutoka.

Baba mdogo Ponciano anasema nyumba isiyo na mwanamume haina msafara. Anataka lama wetu watembee nyuma ya lama wake. Wewe unajua kama ninavyojua: lama akitembea msimu mmoja nyuma ya lama wa mtu mwingine, msimu wa pili watu watasema ni wa mtu huyo, na msimu wa tatu hata lama mwenyewe ataamini. Nikikubali mwaka huu, nyumba ya Lutino itakuwa imefungwa, na aliyeifunga ni mimi.

Lama wa mbele nimeshampata. Ni Kondori, yule mweusi mwenye kola nyeupe shingoni. Ana miguu mirefu, hana haraka, na akisimama wenzake wote wanasimama. Kilichobaki ni hatamu. Ya baba tulimzika nayo mkononi, na lama wake tulimchinja amsindikize, kama desturi ilivyo. Kwa hiyo sina hata kipande cha kuigiza. Na huwezi kumpeleka lama wa mbele Siku ya Msalaba akiwa na hatamu ya kuazima. Mwenye msafara huisuka kwa mikono yake, la sivyo wazee hawampi njia. Hata mama Casimira, macho yake yakiwa yamefifia, anatutambua kwa kuupapasa msuko wetu.

Baba alikufundisha wewe msuko wa nyuzi nane. Niandikie unavyosukwa. Siku ya Msalaba ni tarehe tatu Mei.

Dada yako,
Dionisia


Mgodi wa Santa Rufina, 24 Machi 1968

Mdogo wangu,

Barua yako niliwasomea wenzangu wawili tukiwa tunakula, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na supu. Mwanamke na msafara! Siku kumi na mbili za kutembea, baridi inayopasua mawe, mto usio na daraja, na mbele yako watu wa bondeni wanaopima mahindi kwa kikapu chenye kitako kilichoinuliwa ndani ili kipimo kipungue. Utarudi na magunia matupu na midomo iliyopasuka.

Halafu unataka nikuandikie msuko wa baba, kama vile unaniomba namna ya kupika viazi. Msuko ule hauandikiki. Ni mambo ya mkono. Baba aliniketisha tangu nikiwa na miaka saba, msimu baada ya msimu, na hata mimi ilinichukua muda. Wewe ulikuwa na kazi zako.

Ngoja mwakani. Mkataba wangu utakuwa umekwisha, nitarudi, nitasuka hatamu mwenyewe na nitatangulia mbele. Mwaka huu waache lama wanenepe. Chumvi haiozi.

Kaka yako,
Evaristo


Kolpani, 2 Aprili 1968

Kaka,

Ni kweli, chumvi haiozi. Ila hailiki peke yake. Viazi vikavu vilivyobaki ghalani nimevigawa katika mafungu, na mafungu hayafiki Krismasi. Hilo sikukuambia kwa sababu sikutaka uone kwamba naomba. Siombi. Nakuuliza kitu ambacho ni cha nyumba yetu, nacho umekikalia wewe.

Mwakani ulisema mwaka juzi. Mwaka jana ulisema tena, mbele ya kaburi, kofia mkononi. Kaka, nakuheshimu, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Baba mdogo anapita hapa kila siku ya pili kuwahesabu lama wetu. Anajifanya anatafuta wa kwake waliopotea. Jana alinikuta nasokota akasema, "Binti wa kaka, hiyo hatamu unasokota au unajitengenezea mshipi wa harusi?" Nikamwambia, "Baba mdogo, nikipata mwanamume wa kufaa nitamfunga hiyo hiyo." Akaondoka akicheka, lakini kuwahesabu aliwahesabu.

Waambie wenzako waendelee kucheka, supu nitawapikia siku nikipita.

Kama msuko unaujua, uandike. Kama huujui, sema tu, nitajua la kufanya.

Dionisia


Mgodi wa Santa Rufina, 15 Aprili 1968

Dionisia,

Kama siujui! Ulimi wako ungekuwa na manyoya tungekunyoa kila mwaka.

Haya, sikiliza, na usiruke hata neno moja.

Usiguse manyoya laini ya mgongoni, hayo ni ya mablanketi. Chukua yale magumu ya kifuani na shingoni, meusi na meupe, na usiyafue mpaka yapoteze mafuta yake. Sokota mpaka uzi ukiulegeza ujikunje wenyewe kwa hasira. Andaa nyuzi nne nyeusi na nne nyeupe, kila moja pima tatu na nusu. Zifunge vichwa pamoja, uvishe fundo kwenye kidole gumba cha mguu, na ukae umenyoosha mguu.

Nyeusi zikae mkono wa kushoto, nyeupe kulia. Uanze na kushoto daima. Uzi wa nje kabisa wa kushoto upitishe nyuma ya wenzake, uchomoze katikati ya zile nyeupe, mbili huku na mbili huku, kisha urudi upande wake. Halafu fanya vivyo hivyo kwa uzi wa nje wa kulia. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kaza kila mara kwa nguvu ile ile. Ukiwa na hasira usisuke, kamba itakuwa na vifundo vya hasira yako.

Ikiisha, iloweke, ining'inize na jiwe zito kwa siku mbili ili inyooke. Usiikate. Hatamu yote ni kamba moja. Kitanzi cha pua ni shubiri moja na nusu, mkanda wa kisogoni shubiri mbili na vidole vinne, kinachobaki ndiyo kamba ya kuongozea. Kitanzi cha pua kikae juu, vidole vitatu chini ya jicho, penye mfupa. Ukikishusha kitabana pua laini, na lama akibanwa pua hana pengine pa kupumulia. Acha nafasi ya vidole viwili ili aweze kucheua.

Shubiri ninazosema ni zangu, si zako. Nimeuchora mkono wangu nyuma ya karatasi hii. Pimia huo.

Nilikuwa nimesahau jinsi ninavyoyajua haya. Nimeandika nikiwa nimekaa kitandani na kidole cha mguu kikicheza chenyewe.

Evaristo


Kolpani, 5 Mei 1968

Kaka,

Asante kwa barua na kwa mkono. Umekonda vidole.

Hatamu niliimaliza siku sita kabla. Kondori aliivaa Siku ya Msalaba mbele ya wazee wote. Watu walikuja wengi, pombe ya mahindi haikukosekana, na mwaka huu mvua haikuharibu sherehe.

Nina swali moja, nalo nijibu kama lilivyo. Baba alipokuwa akikaa kusuka, wewe ulikaa wapi?

Dionisia


Mgodi wa Santa Rufina, 14 Mei 1968

Mdogo wangu,

Swali gani hilo? Nilikaa mbele yake, uso kwa uso, magoti yetu yakigusana, kama mwanafunzi anavyokaa mbele ya mwalimu. Yeye akipeleka mkono wa upande huu, nami napeleka wangu wa upande huo huo. Nilikuwa kama kioo chake. Wewe ulikuwa nyuma yake, umesimama, unamchana nywele na kumtoa chawa, maana alisema akitolewa chawa ndipo mikono yake inapata akili. Unakumbuka alivyokuwa akisinzia huku anasuka?

Lakini kwa nini waniuliza? Wazee walisema nini? Wamekupa njia au hawakukupa? Unaniandikia habari za pombe na mvua kama mgeni. Niambie kweli. Niko chini ya ardhi saa kumi kwa siku, nina muda mwingi wa kuwaza mabaya.

Evaristo


Mgodi wa Santa Rufina, 17 Mei 1968

Kwa baba mdogo Ponciano,

Shikamoo. Mwalimu akikusomea barua hii, mwombe afunge mlango.

Dereva wa lori la chumvi amenieleza yaliyotokea Siku ya Msalaba. Amesema Dionisia alimleta lama wake na hatamu iliyosukwa kwenda kushoto, na ulisema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba hiyo ni kamba ya kuwafungia maiti mikono. Amesema watu walicheka, na wazee wakampa mwezi mmoja ajirekebishe, la sivyo hapati njia. Amesema dada yangu hakulia. Alimshika lama wake akaondoka naye taratibu.

Sitaki achekwe tena. Kosa ni langu, sababu tuiache. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba ile, kwa hiyo nasema: mwaka huu chukua lama wetu watembee nyuma ya wako. Mahindi yakifika, mpe dada yangu sehemu yake.

Usimwambie Dionisia kwamba nimekuandikia.

Mwanao,
Evaristo Lutino


Kolpani, 2 Juni 1968

Kaka,

Mwalimu alishuka mjini tangu tarehe kumi mwezi uliopita. Umesahau kwamba Kolpani nzima wanaojua kusoma ni mwalimu na mimi?

Baba mdogo alikuja na bahasha yako ameishika kwa vidole viwili. "Binti wa kaka, nisomee. Lazima ni salamu." Nikamkaribisha, nikampa uji, nikafungua. Kaka, niliisoma yote. Sikuruka nukta. Nilisoma "mwombe afunge mlango," nikainuka nikaufunga mlango. Nilisoma habari za kamba ya maiti, naye akaanza kuangalia paa. Nikafika pale uliposema chukua lama wetu. Nikanywa uji kidogo, nikaendelea. Nikafika kwenye "usimwambie Dionisia," nikasoma hivyo hivyo, kisha nikasoma na jina lako, nikakunja karatasi nikampa.

Akaigeuza karatasi mkononi. Mwishowe akasema, "Ungeweza kunisomea salamu tu."

"Ningeweza."

"Nisingejua."

"Nisingelala."

Alijikuna kichwa muda mrefu. Unamjua, si mtu mbaya, ila akiona mlango uko wazi anaingia. Akasema, "Basi kaka yako ameshaamua. Kesho nitakuja kuwachukua."

Nikamwambia, "Njoo, baba mdogo. Njoo na lama wako wa mbele. Mimi nitafungua zizi, utatangulia, na watakaokufuata ni wako. Sitabishana hata na mmoja."

"Na wasiponifuata?"

"Basi utawaambia wazee kwamba kaka yangu alitoa, ila lama walikataa."

Akacheka. "Wewe ni mtoto wa baba yako kweli."

Sasa nikueleze habari ya hatamu, maana uliniuliza na mimi sikukujibu kwa unyoofu. Nilipokuwa nikisuka kwa kufuata barua yako, mikono yangu ilikuwa inakataa. Kila nilipoanza kushoto, yenyewe ilitaka kuanza kulia. Niliichapa, niliilazimisha, nikasema kaka ndiye aliyefundishwa. Siku ya Msalaba mama mdogo Ubalda aliigusa tu akavuta mkono kana kwamba ameungua, na kabla hajaninong'oneza, mumewe alishapaza sauti. Niliona aibu, kaka. Nilimvisha mnyama aliye hai kitu cha kaburini. Nilipofika nyumbani nilimvua Kondori nikaifumua ile kamba uzi mmoja mmoja, nikaziosha nyuzi zote, nikamwomba msamaha Mama Ardhi kwa majani ya koka na tone la pombe.

Jibu lako lilipokuja ndipo nikaelewa. Wewe ulikaa mbele yake, ukauona mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto kwako. Mimi nilikuwa nyuma. Miaka tisa kidevu changu kilikuwa juu ya kichwa chake, na mikono yake ilikuwa mahali mikono yangu ingekuwa. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyenifukuza. Nilikaa chini, nikafunga macho, nikanyoosha mguu, nikaiacha mikono ifanye ilichokuwa ikitaka tangu mwanzo. Siku tatu, kaka! Kamba ilitoka milia yake ikipanda kulia, imara, na haina hata kifundo kimoja cha hasira, ingawa hasira nilikuwa nayo.

Jana asubuhi baba mdogo alikuja na lama wake wa mbele. Amemvalisha hatamu ya nailoni ya buluu aliyonunua dukani mjini, na kengele nne. Nusu ya Kolpani walikuja eti kuchota maji. Nikafungua zizi. Baba mdogo akatangulia, anapiga mluzi, kengele zinalia kama kanisani. Wetu wakainua masikio, wakatazama, wakaendelea kucheua. Akarudi, akawapita tena. Yule mwenye sikio lililochanika akamtemea mate.

Nikamshika Kondori. Sikupiga mluzi. Niliondoka naye kuelekea njia ya chumvi, na sikugeuka, maana baba alisema anayegeuka anaomba. Nilitembea hatua kumi sikusikia kitu. Hatua ishirini. Halafu nikasikia nyayo, zile nyayo zao laini, wengi, wote. Nilifika kwenye lundo la mawe ya wasafiri ndipo nikageuka. Pamoja na Kondori walikuwa thelathini na wanne. Wawili ni wa baba mdogo, niliwarudisha mwenyewe.

Mama mdogo Ubalda alikuja akaupapasa msuko kutoka kisogoni mpaka puani. Alilia. Akamgeukia mumewe akasema, "Ponciano, sema ulichokisema Siku ya Msalaba. Sema kwa sauti ile ile." Baba mdogo akavua kofia. Alisema, "Ni mkono wa kaka yangu." Nikamjibu, "Hapana, baba mdogo. Ni mkono wangu." Wazee wamenipa njia. Naondoka tarehe tano.

Ile barua yako ameniachia. Sikuichana. Nimeiweka ndani ya gunia la chumvi ikauke.

Dionisia Lutino


Mgodi wa Santa Rufina, 12 Juni 1968

Dionisia,

Naipeleka hii bondeni kwa mama Casimira, ikukute huko.

Sijui nianzie wapi. Niliposoma ulivyoisoma barua yangu kwa sauti yako mwenyewe, nilitaka ardhi inimeze, na mimi tayari nilikuwa ndani yake. Nimekukosea. Nilikuuza huku nikijiambia nakulinda.

Kuna jambo nimelificha miaka yote, sasa nalitoa. Baba hakunipa ule msuko. Kila nilipomaliza kipande, alikiangalia, akakifumua bila kusema neno, akanirudishia nyuzi. Kila msimu. Nilidhani hanipendi. Siku moja nilimwuliza, "Baba, kosa liko wapi?" Akasema, "Mikono yako inatoka upande wa pili." Sikuelewa, na hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Nilipokuja mgodini niliwaambia watu nimefuata mshahara. Nilikuwa nimeikimbia kamba.

Wewe ulipoandika "kama huujui, sema," ulinichoma penyewe. Ningesema sijui, usingeaibika. Lakini mtu akishajiita mrithi mbele ya wenzake kwa miaka kumi, ulimi unakuwa mzito.

Jana nimewasomea barua yako wale wenzangu wawili. Safari hii hawakucheka. Yule aliyepaliwa na supu aliniomba nirudie mahali pa nyayo. Nikarudia mara tatu. Kisha akawaambia wengine mlangoni mwa shimo, "Dada yake huyu ana msafara." Natembea hapa kifua mbele kwa kitu ambacho si changu.

Nisamehe.

Evaristo


Bondeni, nyumbani kwa mama Casimira, 22 Juni 1968

Kaka,

Tumefika tarehe kumi na saba, sote. Mto ulikuwa na barafu kingoni, Kondori aliujaribu kwa mguu mmoja, akanitazama, akaingia. Midomo imepasuka kama ulivyosema. Magunia hayatarudi matupu.

Wenye mashamba wa barabarani walitutazama sana. Mmoja aliuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia, "Unazungumza naye." Akasema hawezi kupatana bei na mke wa mtu bila mumewe. Nikampita na chumvi yangu, na alasiri alinifuata mwenyewe na kikapu. Nikakipindua, nikakitazama kitako chake, nikamrudishia. Alileta kingine.

Mama Casimira haoni tena kabisa. Aliletwa mpaka uani ameshikwa mkono. Hakunisalimia kwanza. Alinyoosha vidole akamtafuta Kondori, akapata kisogo, akashuka na msuko taratibu mpaka kwenye kitanzi, akapima kwa vidole vitatu chini ya jicho. Nikamwambia, "Mama, baba alifariki. Mwaka huu nimekuja mimi, binti yake."

Akasema, "Kwamba amefariki nimejua, hii si kamba yake, ni ngumu zaidi. Kwamba wewe ni binti nimesikia kwa sauti. Sikuuliza hayo. Aliyesuka hii anaitwa nani?"

Nikamwambia.

Akageuka kuelekea ghalani akaita wanawe, "Fungueni! Dionisia wa Lutino amefika!"

Kaka, miaka yote alikuwa akiita jina la baba tu. Nilisimama pale na vumbi la siku kumi na mbili usoni na sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Kuhusu msamaha: nilikasirika siku tano za njia. Ya sita tulipanda mlima na hasira ilikuwa mzigo wa ziada, nikaitua. Baba alipaswa kutuambia sote wawili ukweli mapema, lakini alikuwa baba.

Dionisia


Mgodi wa Santa Rufina, 10 Julai 1968

Dada,

Mkataba wangu unaisha Aprili. Nimemwambia msimamizi sisaini mwingine.

Najua msafara una mtu wa mbele na mtu wa nyuma, anayewasukuma wanaochelewa na kufunga mizigo iliyolegea. Sijui kama nafasi ya nyuma umeshaipa mtu. Kama bado ipo, naiomba. Naiomba kwako, si kwa wazee.

Evaristo


Kolpani, 2 Agosti 1968

Kaka Evaristo,

Ghala limejaa mpaka kwenye boriti, na panya wamesikia habari.

Nafasi ya nyuma ipo. Ina vumbi tupu, na huko ndiko anakotembea mwenye sikio lililochanika. Mtu wa nyuma hachagui njia wala mahali pa kulala. Hapigi mluzi mpaka aambiwe. Chakula chake ni sawa na cha mtu wa mbele. Ukiyakubali hayo, njoo.

Tunaondoka tarehe tano Juni mwakani, jua likigusa lundo la mawe. Simngoji mtu.

Dionisia Lutino,
mwenye msafara